Senene wa Kwanza wa Msimu

Jumapili ile, nyumbani kwa Lwakatare pale Igogo, Mwanza, mlango ulikuwa bado haujafunguliwa vizuri na tayari harufu ilishafika kwa jirani. Jirani akakohoa mara mbili kwa makusudi, ili akumbukwe. Bernadeta, mke wa Lwakatare, alitokea uani akamkuta binti yake Renatha ameinama juu ya karai, senene, wale panzi wa msimu, wanachemka katika mafuta yao wenyewe.

"Usimalize chumvi yote sasa hivi," Bernadeta akasema.

"Mama, si jana umenifundisha?"

"Na leo nakukumbusha. Mwalimu hachoki."

Wakacheka wote wawili, ila Bernadeta alicheka roho ikiwa juu. Asubuhi hiyo meli ya Bukoba ilikuwa inamleta Byabato.

Byabato alikuwa binamu ya Lwakatare, na tangu serikali iwaruhusu watu binafsi kununua kahawa, huko kwao Muleba alikuwa mtu mwenye lori. Renatha alipopata nafasi katika chuo cha watu binafsi Nairobi, chuo cha watoto wa wakubwa ambacho ada yake ilitajwa kwa dola, Lwakatare alikuwa ameshapunguzwa kazi bandarini. Hakubakiwa na kitu ila kibanja cha migomba alichoachiwa na mama yake, na mama mwenyewe amezikwa humo humo. Akakiweka rehani kwa Byabato. "Benki zinafunguliwa kila mji siku hizi," alimwambia mkewe. "Mtoto akimaliza, mshahara wake utakikomboa."

Benki ikafunguliwa kweli. Nafasi nayo ikapatikana, maana Lwakatare alimwendea meneja mpaka walinzi wakawa wanamwita mzee wetu. Renatha alitakiwa kuanza Jumatatu, yaani kesho yake.

Tatizo ni kwamba Renatha hakuitaka benki. Alitaka kuuza senene.

"Nimeweka rehani kaburi la mama yangu ili mtoto akaange panzi?" Lwakatare alikuwa ameuliza juzi, taratibu, kwa sauti iliyomuuma Bernadeta kuliko ukali.

"Baba, Wahaya wako Dar, wako Dodoma, wako mpaka Nairobi nilikosoma. Msimu ukifika wanalilia senene kama watoto. Nikiwakausha na kuwafunga vizuri, wanafika salama. Hayo ndiyo niliyosomea, kununua na kuuza."

"Ulisomea ofisi."

Mazungumzo yakaishia hapo. Aliyekuwa akidai ni Byabato, na neno la mwisho lilikuwa lake. Akidai fedha zake kuanzia mwezi huu, Renatha hana ujanja, ataingia benki. Renatha akikataa, kibanja kinakwenda.

Sasa, katika ukoo wao kulikuwa na mila moja ambayo Byabato aliipenda kuliko zote. Mwanamke hukamata senene, huwanyonyoa mabawa, huwakaanga, mwanamume hula. Bernadeta alikuwa amekaanga tangu usichana wake na hakuwahi kutia hata mmoja mdomoni. Lakini mwanamke naye alikuwa na haki yake. Aliyekaanga wa kwanza wa msimu hupewa nguo. Mwanamume mwenye adabu huitaja nguo kwanza, ndipo anyooshe mkono. Akinyoosha mkono kabla ya kutaja, basi wa kuchagua ni mwanamke, na analochagua halikataliwi. Byabato ndiye aliyewahi kumtoza kijana mmoja mbuzi mbele ya wageni kwa kosa hilo, na hadithi hiyo aliisimulia kila arusi.

Lwakatare alikwenda bandarini kumpokea, wakapishana njiani. Byabato akaingia peke yake, koti mkononi, jasho la kupanda mlima likimtoka.

"Hodi hapa! Nyie watu wa Mwanza mnaishi na pelele juu ya mawe?"

"Karibu, shemeji. Pole na safari."

Renatha akaja, akapiga magoti. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, msomi wetu! Kesho benki, eeh? Utatusalimia kweli ukishavaa suti?"

"Nitawasalimia, baba," Renatha akajibu, akarudi uani kuleta chai, macho chini.

Mezani kulikuwa na bakuli la senene. Renatha alikuwa amewaacha wapoe kabla ya kuwafunga. Byabato akaketi, akaanza habari za mawimbi, akahamia bei ya kahawa, na alipofika kwenye bei ya kahawa mkono wake ukaenda wenyewe. Mtu aliyelelewa kwa senene hatumi mkono. Mkono unajua njia. Akatafuna, akaendelea kusema. Akachota tena.

Bernadeta aliona. Adabu ilimwambia anyamaze. Maisha yake yote alikuwa amenyamaza vizuri tu. Halafu akamsikia Renatha huko uani akipanga vikombe polepole, kama mtu asiyetaka kufika kesho.

"Watamu hawa," Byabato akasema. "Mmewanunua wapi?"

"Hawakununuliwa tayari wamekaangwa, shemeji. Amekaanga Renatha. Ndio wa kwanza msimu huu. Mwenye nyumba mwenyewe bado hajaonja."

Mkono wa Byabato ukasimama juu ya bakuli.

"Nitaleta kitenge," akasema haraka. "Cha Kongo. Doti nzima."

"Kitenge ungekitaja mwanzo."

"Shemeji!"

"Mimi sijatunga mila, shemeji. Nimeisikia kwako, arusi hadi arusi."

Hapo Lwakatare akaingia akihema. Byabato akamrukia kama mtu aliyeona mlango wa kutokea. "Lwakatare, msemeshe mkeo! Ananitoza kwa kuonja tu!"

Lwakatare akamtazama mkewe. Hakuwahi kumwona ameketi hivyo, mgongo wima, mbele ya mgeni. Akalitazama bakuli, lililokuwa karibu tupu.

"Umekula au hukula?" akauliza.

"Nilionja."

"Mbona umeonja mpaka naliona ua lililochorwa ndani ya bakuli?"

Renatha, aliyesimama mlangoni na birika, akafunika mdomo kwa kiganja. Byabato akamwona. Akajaribu kukunja uso, uso ukakataa.

"Haya, msomi. Sema. Mbuzi?"

Renatha akaweka birika chini. "Sitaki kitu, baba mkubwa. Nataka muda. Mpaka msimu ujao wa senene, mwezi wa tano. Usidai kibanja kabla ya hapo, na mimi nisiingie benki. Mwezi wa tano nikishindwa kuanza kukulipa, nitatafuta kazi yoyote utakayosema, hata kufagia."

Byabato akaishika mikono yake yote miwili pamoja, kana kwamba anaifunga isifanye tena makosa. "Mwezi wa tano," akasema mwishowe. "Siku moja zaidi hupati. Na mtu asisikie habari hii Muleba."

"Nani aseme?" Bernadeta akasema, akammiminia chai.

Jioni, Byabato alipokuwa amelala chumba cha mbele, Lwakatare alikaa kizingitini kwa muda mrefu. Bernadeta alijua anachohesabu moyoni: zile safari za kwa meneja, wale walinzi, majirani aliokwisha kuwaambia.

"Umekasirika?" akamuuliza.

"Naogopa, Mama Renatha. Kuogopa si kukasirika." Kisha akaita, "Renatha! Kesho tutakwenda wote benki. Mimi ndiye niliyeomba ile nafasi, si vizuri ukairudishe peke yako."

Asubuhi Bernadeta aliwasindikiza mpaka penye jiwe kubwa, njia inapoanza kushuka. Lwakatare alikuwa amevaa shati la kanisani. Renatha alibeba kifurushi cha karatasi kilichofungwa kwa uzi.

"Hicho cha nini?" baba yake akauliza. "Si tunakwenda kukataa kazi?"

"Meneja si Mhaya wa Kanyigo, baba?"

Lwakatare alisimama. Akakipokea kile kifurushi, akakipima uzito kwa mkono.

"Utamuuzia au utampa?"

"Hicho nampa," Renatha akasema. "Cha pili atanunua."

Wakashuka, baba mbele.