Bi Mdogo wa Besimenti

Flaviana, ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku, alikuwa hajaweka hata mkoba chini aliposikia ngo, ngo, ngo kutoka besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Miaka kumi na mmoja katika nyumba hii ya Beltsville, Marekani, sauti zote za kule chini alizijua, na hiyo haikuwamo. Akashuka ngazi na viatu vya hospitali miguuni, kosa ambalo mwenyewe huwagombeza wengine kila siku.

Mumewe, Lusekelo, alikuwa mbele ya meza yake ya kutengenezea risasi, anagonga fimbo ya kusafishia ndani ya mdomo wa bunduki. Mkono wake wa kulia ulitetemeka. Kutetemeka huko kulianza Machi. Daktari aliupa ugonjwa jina refu na vidonge vya rangi mbili, na tangu siku hiyo wakija wageni Lusekelo huutia mkono mfukoni, akazungumza habari za mvua.

"Usiogope, hakuna baruti," alisema bila kugeuka. "Ni ganda tupu na kichwa cha risasi. Nimekisukuma kama mtu anasukuma gari bovu, kikakwama."

Bunduki hiyo Flaviana huiita bi mdogo, na ana haki. Mwanamume anayeshuka kwake kila Jumamosi, anampaka mafuta, anampima, mpaka daftari anamwandikia, huyo kama si mke mwenza ni nini? Wanawake wa kanisani kule Hyattsville humcheka, naye hucheka nao. Lakini jamani, kila Novemba kuna sikukuu ya mavuno, na kila mtu hupeleka mbele kazi ya mikono yake. Wengi wao ni manesi na wafunga maboksi, hata tuta la mchicha hawana, basi hupeleka bahasha. Lusekelo hupeleka mapaja ya kulungu aliyempiga mwenyewe, kwa risasi alizozitengeneza mwenyewe. Baba yake kule Tukuyu alipeleka mkungu wa ndizi. Yeye hupita katikati ya viti na kulungu wake, shingo imenyooka utadhani alimchunga tangu akiwa ndama.

Kichwa cha risasi kikadondoka mezani. Lusekelo akaketi.

"Ferdinand anakuja saa kumi kuichukua," alisema.

Ferdinand ni mwenzake wa kuwinda, Mkongo mcheshi anayeishi Gaithersburg.

"Kuazima?"

"Kuichukua. Na hivi vyote. Nimempa."

Mwanamke aliyeilalamikia bunduki miaka kumi na mmoja alipaswa kupiga vigelegele. Badala yake Flaviana aliuweka mkoba chini, hakupiga hata kimoja. Hakuwa akiona bunduki inaondoka. Alimwona mumewe Novemba kanisani, ameketi kiti cha nyuma kabisa, mkono mfukoni.

"Kwa nini?"

Akamweleza, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake. Ndani ya mtutu kuna mifuo, mifereji myembamba iliyojipinda, ndiyo inayoizungusha risasi iruke sawa. Lazima ujue mifuo inaanzia wapi hasa, ili kichwa cha risasi ukikalishe kwenye ganda kwa kina ambacho kitaishia nusu milimita kabla ya kuigusa. Unakisukuma polepole kwa kijiti hiki mpaka kiguse, unakaza skrubu, unatoa, unapima. Ukipima mara tano, namba ziwe moja.

"Mimi nimepata namba tano," alisema. "Risasi isiyopimwa siendi nayo porini. Na mavuno ya kununua sipeleki. Basi, yameisha."

Flaviana akaenda kwenye sinki, akanawa mikono mpaka viwikoni. Akarudi.

"Nipishe."

"Wewe? Hata kopo la humu hujawahi kuligusa!"

"Nipishe, baba."

Akampisha. Akamwonyesha pa kushika. "Utahisi kimegusa. Ukihisi, acha hapo hapo. Usibishane nacho."

"We! Unamfundisha nani?"

Miaka kumi na mitano Flaviana amekuwa akiitafuta mishipa ya damu ya wazee hospitalini, mishipa inayojificha, inayopasuka ukiilazimisha. Akasukuma kijiti, akasikiliza kwa vidole. Hapo. Akakaza skrubu, akatoa, akakibana kwenye kipimio. Lusekelo akasoma: inchi mbili nukta mbili moja mbili. Flaviana akarudia. Mbili moja mbili. Mara ya tatu, mbili moja tatu. Ya nne na ya tano, mbili moja mbili.

Lusekelo akavaa miwani. Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye namba ya miaka sita iliyopita. Mbili nukta moja tisa nane.

"Nimekosea?" Flaviana aliuliza.

"Hujakosea." Kisha akacheka, kicheko ambacho nyumba hii haikuwa imekisikia tangu Machi. "Kumbe bi mdogo naye kazeeka! Moto wa baruti umekula pale mifuo inapoanzia, imesogea mbele. Na mimi mjinga nalazimisha namba ya zamani irudi, nasukuma weee!"

"Kwa hiyo ameharibika?"

"Nani kasema? Mtutu ukizeeka huutupi, mama. Unapima upya, unakalisha risasi mbele kidogo, unamfuata pale alipofika. Bado anapiga vizuri tu."

"Rudia."

"Unapima upya, una..."

"Hapana. Hiyo ya kwanza."

Lusekelo akamtazama. Flaviana hakuwa akicheka.

"Mtutu ukizeeka," alisema taratibu, "huutupi."

Flaviana akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Ukaendelea kutetemeka humo humo, naye hakuubana. "Nakupenda, baba. Na kama kuna wa kumfukuza bi mdogo ni mimi bi mkubwa, si wewe."

"Na kulenga je?"

"Atalenga Ferdinand. Mavuno ni kazi ya mikono. Nani kasema lazima iwe miwili tu?"

Saa kumi kamili Ferdinand alishuka ngazi na mfuko mrefu wa bunduki begani. Akamkuta Flaviana mezani, macho mekundu kwa usingizi alioukataa, anakalisha kichwa cha risasi ya kumi na tisa huku mumewe amesimama nyuma yake akimwelekeza.

"Shemeji, nimekuja kumchukua huyu bi mdogo."

"Haendi popote. Weka mfuko chini, chai ipo. Novemba tuna kazi na wewe."

Ferdinand akamgeukia rafiki yake apate maelezo. Mkono wa kulia wa Lusekelo ulikuwa begani kwa mkewe, unatetemeka mchana kweupe mbele ya mgeni, na hakuutia mfukoni.