Kadi ya Kinyozi

Dada yangu alikuwa amebakiwa na tundu dogo tu la kuonea. Daktari wa macho alituonyesha kwa kukunja ngumi na kuacha upenyo katikati. "Anaona hivi," alisema. "Pembeni kote kumekufa." Ijumaa wangempasua ili ugonjwa usiendelee, na daktari hakutuficha: huenda dada akaamka na tundu lake likiwa salama, huenda akaamka limezibika kabisa.

Siku tatu kabla ya hiyo Ijumaa, kadi ya picha ya kompyuta ikatugomea.

Mpwa wangu, binti wa huyo dada, huchora nyumba kwa kompyuta, na wajenzi ndio wanaomlipa. Lakini kwa miezi mitano alikuwa akichora nyumba ambayo hakuna mjenzi aliyemwagiza: nyumba tuliyozaliwa mimi na mama yake. Haipo tena. Barabara ilipanuliwa ikapita juu yake, na pale kwenye chumba cha mbele leo wanauza mafuta ya magari. Picha yake hatuna hata moja. Alichora kwa kumhoji mama yake chumba kwa chumba, na kunihoji mimi kwa simu popote niliko, maana mimi ndiye wanayemwita Kiguu-na-Njia. Niliondoka kwetu nina miaka kumi na minne, na siku niliporudi nilikuta lami.

"Mjomba, mlango wa jikoni ulifungukia ndani au nje?" Ananiuliza hayo nimeinamia injini ya lori la watu, spana mdomoni.

Nyumba ilikamilika. Tatizo ni kwamba kompyuta yake iliweza kuonyesha picha iliyoganda tu, naye alitaka mama yake aingie ndani, atembee, na jua liingie kama lilivyokuwa likiingia. Ndiyo maana akahitaji kadi yenye nguvu. Alinieleza kwamba kadi ya namna hiyo inahesabu unyuzi mmoja mmoja wa mwanga: umetoka wapi, umegonga ukuta gani, umedunda kwenda wapi.

"Nyuzi ngapi?" nikamwuliza.

"Mamilioni, mjomba. Kila unapopepesa jicho."

Shule nimeisoma vipande vipande, mji huu darasa moja, mji ule nusu. Lakini milioni naijua.

Kadi mpya hakuimudu, akachukua ya mtumba kwa kinyozi wa mtaa wa pili. Kinyozi huyo alikuwa mcheza michezo ya kompyuta chumba cha nyuma ya duka lake, mpaka mkewe alipomwambia achague moja. Jumanne mchana mpwa wangu akaichomeka, ikawaka, akamwita mama yake aje akae mbele ya skrini. Tukauona mlango wetu wa mbele, ule wa mbao wenye komeo la chuma. Kabla haujafunguka, vikazuka viraka vya kijani na waridi kila mahali, feni zikavuma utadhani zinataka kupaa, kisha giza.

Dada akageuza kichwa polepole, kama afanyavyo siku hizi akitafuta mtu kwa tundu lake. "Ni mimi au ni mashine?"

"Ni mashine, mama."

"Afadhali," akasema, akainuka akaenda zake.

Hiyo "afadhali" ilimkata maini mpwa wangu. Alibadilisha nyaya, akafuta programu za kadi akaziweka upya, akaazima hata kifaa cha umeme cha kompyuta ya ofisini. Wapi! Dakika nne, viraka, giza. Ilirudia hivyo mara tisa. Jumatano asubuhi akaitia kadi kwenye mfuko, nikamfuata.

Tulimkuta kinyozi na mteja, kichwa nusu kimenyolewa.

"Jirani, wewe nikuuzie mbuzi kwenye gunia?" akaanza hata kabla hajasikia yote. "Ile kadi ilikuwa buheri wa afya! Watu wengine naweza kuwadanganya, lakini si wewe."

"Kumbe wengine unatudanganya," mteja akasema kutoka chini ya shuka.

"Wewe tulia. Hii mashine haijui mzaha."

"Inawaka dakika nne inazima," mpwa wangu akasema. "Sikuja kugombana. Nataka kujua tu imepatwa na nini. Mama yangu ana mpaka kesho."

Kinyozi akashusha sauti. "Lakini mimi niliifungua nikaisafisha kabla sijakupa. Hadi ndani kabisa! Vumbi nililotoa mle lingejaza kikombe. Nikaipaka na dawa mpya ya kupitisha joto. Sikutaka useme nimekupa uchafu."

"Baada ya kuisafisha uliijaribu?"

"Ningeijaribia wapi? Kompyuta yenyewe ilishauzwa. Mwulize shemeji yako."

Akawa anabadilisha meno ya mashine yake ya kunyolea huku anasema. Mimi niko benchini, sina langu, natazama mikono yake. Meno yale yanashikwa na skrubu mbili. Akaweka ya kwanza, akaikaza mpaka mwisho. Kisha ya pili, mpaka mwisho. Haraka, safi, mkono wa mtu aliyefanya hivyo miaka ishirini.

"Fundi," nikamwuliza, "kwenye kadi, skrubu za katikati zilikuwa ngapi?"

"Nne, mzee."

"Ulizikaza hivyohivyo? Moja mpaka mwisho, halafu nyingine?"

"Sasa mzee, skrubu inakazwaje kingine?"

Nikacheka. Nilipokuwa utingo, bado ndevu hazijaota, dereva alinipa nifunge kifuniko cha silinda peke yangu. Nikaanza bolti za upande mmoja, nikazikaza kwa nguvu zangu zote ili anisifu. Kifuniko kikakaa upande. Tulitembea kilomita chache maji yakachemka, tukalala porini siku tatu. Fundi aliyekuja kutuokoa hakunigombeza. Aligonga bolti kwa spana, ya huku, kisha ya ng'ambo yake, kisha ya kule, kisha ya ng'ambo yake, akaniambia: kidogo kidogo, kwa msalaba, zote zishuke pamoja.

"Mwanangu," nikamwambia mpwa wangu, "kadi haijafa. Imekazwa upande."

"Mzee, hii si lori," kinyozi akasema.

"Kinachochemka ni kinachochemka."

Akamaliza kile kichwa mbio mbio, akachukua tyubu yake ya dawa, akatufuata hadi nyumbani. Jina lake lilikuwa hatarini, alisema.

Tulitandika kitambaa cheupe mezani. Mikono yangu siku hizi inatetemeka, kwa hiyo mpwa wangu ndiye aliyeshika bisibisi. Dada alikaa kando anatusikiliza. Skrubu zikatoka, kile kipande kizito cha alumini cha kupozea kikabanduka, na tukaona. Dawa ya joto upande mmoja ilikuwa imebanwa ikawa utando, upande wa pili imejaa kama siagi kwenye mkate. Kandokando kulikuwa na vipande vya mpira laini vya kupitisha joto. Vya upande mmoja vilikuwa na alama, vimebonyezwa na vyuma vidogo vya chini yake. Vya upande wa pili vilikuwa laini kama vilivyotoka kiwandani. Havikuguswa hata mara moja. Vyuma vya upande huo vilikuwa vikiungua peke yao, bila wa kuvipoza.

Na katikati ya dawa, unywele.

"Wako huu," mpwa wangu akasema.

"Wangu mimi?" Kinyozi akapapasa upara wake.

Dada alicheka hadi akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nifike.

Mpwa wangu akafuta dawa yote kwa pamba na spiriti. Hapo ndipo nilipoiona roho ya ile kadi: kipande cheusi, upana wake kama stempu mbili za barua, kinang'aa. Nikainama nikaona uso wangu ndani yake, makunyanzi na yote.

"Humo ndani, mjomba, mna swichi nyingi kuliko watu wote walio hai duniani."

Nimevuka mipaka mingi maishani. Nimeona milima yenye barafu na mito usiyoona ng'ambo yake. Mbele ya kile kistempu nilijikuta nimevua kofia.

Dawa ikapakwa, kidogo, katikati. Kile kipande cha kupozea kikarudi. "Robo mzunguko," nikasema. "Sasa ya ng'ambo yake. Robo. Sasa ile ya juu. Sasa ya ng'ambo yake. Rudi ya kwanza."

"Mnafunga mashine au mnaibariki?" dada akauliza.

"Vyote viwili," kinyozi akamjibu. Alikuwa akitazama bisibisi na midomo yake ikihesabu.

Tukaichomeka. Pembeni mwa skrini palikuwa na tarakimu ya joto, nasi sote watatu tukaikodolea macho. Ikapanda. Dakika ya nne nikasikia kinyozi ameacha kupumua. Dakika ya tano. Ya nane. Tarakimu ikapanda mara moja zaidi, ikasita, ikatulia hapo hapo.

"Imesimama," mpwa wangu akanong'ona. "Mama, njoo."

Mlango wa mbele ukafunguka.

Sitaweza kueleza vizuri. Sakafu ilikuwa ile, saruji yenye ufa kuanzia kizingitini hadi katikati ya chumba. Kuta zimekuwa nyeusi kidogo mahali tulipokuwa tukiegemeza vichwa. Mwanga wa dirisha ulilala juu ya meza kama ulivyokuwa ukilala, na chini ya meza kulikuwa na giza lake, si giza la kuchorwa, giza la kwetu. Nikanusa, mtu mzima mimi, nikitafuta harufu.

Kisha nikaona doa. Doa la mwanga, duara, dogo kama kifungo cha shati, liko sakafuni peke yake.

Nilikuwa nimelisahau kwa zaidi ya miaka hamsini. Nilitoboa bati la paa kwa msumari nikiwa mtoto, kwa utundu tu, ili nisikie mlio. Mama yetu alinichapa. Halafu jua likapita kwenye tundu lile likaangusha doa, doa likawa linatembea sakafuni, na mama akaligeuza saa. Doa likifika kwenye ufa, anatoka kuanua nguo. Likifika mguu wa meza, baba yuko njiani.

"Nani alikwambia uchore hilo?" nikamwuliza mpwa wangu.

"Mama aliniambia kuna tundu. Nikatoboa bati, mjomba. Doa sikulichora." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hilo limekuja lenyewe. Na sijui litapita wapi. Vipimo vya chumba mmenipa nyinyi, kwa vichwa vyenu."

Akalisogeza jua. Dada akaleta uso karibu na skrini, na doa likaingia lote katika kile kitundu chake cha kuonea, likamtosha. Akaweka kidole juu ya kioo akalifuata. Likatambaa. Likafika kwenye ufa, likaukalia barabara.

"Anatoka," dada akasema. "Anaanua nguo."

Likaendelea. Likapanda mguu wa meza.

"Baba," dada akasema, na mimi nikageuka kutazama mlango.

Kinyozi alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono kifuani. "Na mimi nilikuwa naitumia kuua majambazi wa kuchorwa," akasema taratibu.

Nikaweka kiganja juu ya kompyuta. Ilikuwa na joto, lakini joto la kazi, si la homa. Mle ndani mamilioni ya nyuzi yalikuwa yakipita kwenye tundu langu la msumari, kila mmoja ukihesabiwa, hakuna uliosahauliwa.

"Irudishe asubuhi," dada akasema.

Mpwa wangu akairudisha. Doa likaanza safari upya, ukutani, sakafuni, kwenye ufa, mezani. "Tena," dada akasema. Likazunguka tena. Safari ya nne nikaona kwamba amefumba macho, na kidole chake kinakwenda juu ya kioo sawasawa na doa, mpaka kwenye ufa. Hapo kikalitangulia kidogo. Akafumbua akaona amekosea.

"Mama, umechoka? Tupumzike?"

"Bado sijaijua njia yake," dada akasema. "Irudishe asubuhi."

Mpwa wangu akalivuta jua, likachomoza.