Fatiha ya Euro

Hamdam kaolewa. Ndivyo walivyomsema mji mzima wa Margilan, na maneno hayo yalimchoma kuliko sindano za vyerehani alivyotengeneza pale sokoni. Wenzake walioa wakawaleta wake zao kwao. Yeye alioa akahamia uani kwa baba mkwe, mzee Ergash, kwenye chumba cha pembeni karibu na zizi la fahali. Shemeji zake wawili hawakuchoka. Wakimwona na ndoo ya maji tu, wanamuuliza, "Bibi harusi, leo unatupikia nini?" Naye anacheka. Afanye nini, na anakula kwao?

Kiwanja alikuwa nacho, ng'ambo ya mfereji, na kuta zilishasimama. Lililobaki ni paa. Yeye na mkewe Zulhumor walijinyima miaka, wakawa wanaficha dola ndani ya magodoro ya wageni, hata zikafika karibu robo tatu ya zilizotakiwa. Wangesubiri kidogo tu wangemaliza. Lakini mwanamume akishachoka kuitwa bibi harusi, hata hicho kidogo kinamshinda.

Basi akachota sehemu ya dola hizo, akaingia biashara ya fedha za kigeni kwenye simu. Msimcheke bado, aliingia kwa adabu. Alisoma kwa mwalimu mmoja mkali, akafundishwa ya mwanzo: unanunua euro kwa dola ukitumaini itapanda. Broka, yaani dalali wa soko hilo, anakukopesha nguvu ya kununua zaidi ya mfuko wako, na nguvu hiyo hiyo ndiyo itakayokumaliza ikigeuka. Usihatarishe ila kipande kidogo cha akaunti. Na kabla hujaingia, weka kikomo, ili bei ikikigusa biashara ijifunge yenyewe, ule hasara ndogo, ukalale. Kikomo hakisogezwi, mwalimu alirudia mpaka akakera. Hamdam akatii, na faida yake ya kwanza ikanunua misumari. Ilikuwa misumari mizuri, lakini misumari si paa.

Ndipo siku moja akanunua euro nyingi kuliko alivyozoea. Kikomo aliweka, tusimsingizie. Kosa likawa la furaha: Zulhumor alimnong'oneza mama yake, mama akamwambia mzee, na mzee Ergash, mtu asiyeweza kukaa na habari njema hata dakika, akaitangaza mbele ya wageni, pilau ikiwa imeshapakuliwa. Mkwe wangu anafanya biashara na Ulaya, akasema, kisha akainua mikono na kuisomea Fatiha hiyo euro. Watu wote wakaitikia amina na kupangusa nyuso.

Hapo ndipo alipofungwa. Kwetu jambo likishasomewa Fatiha halirudi nyuma. Uchumba uliosomewa ukivunjwa, ukoo mzima unatembea umeinamisha vichwa. Sasa pilau haijapoa, euro ikaanza kushuka. Hamdam aliichungulia simu pembeni ya goti, akaona bei inakinyemelea kikomo chake. Mwalimu angemwambia aache ijifunge. Lakini angemwambiaje mzee kwamba dua yake haikufika hata kwenye chai? Akakisogeza kikomo chini kidogo. Kesho yake akakisogeza tena. Kisha akakiondoa kabisa, na akaunti ilipoanza kukata pumzi, akaenda kwenye magodoro, akatoa fedha zote za paa zilizobaki, akaziongeza humo.

Tangu siku hiyo kila jioni mzee anamuuliza kwa bashasha, "Mkwe, Ulaya hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

Zulhumor naye alishaanza kuchagua rangi ya mabati. Alitaka mekundu, yaonekane tangu barabarani. Kila akiyataja, Hamdam alikwenda chooni na simu yake, akachuchumaa humo akitazama chati inavyoporomoka. Aliogopa, na aliona haya kwamba anaogopa. Kuifunga hawezi, kuiacha hawezi, kusema hawezi.

Ikafika Ijumaa. Soko la fedha lilikuwa linakwenda kufungwa mpaka Jumatatu, na mwalimu alishamwonya kwamba bei inaweza kufunguka mbali kabisa na ilipolala, usipate hata nafasi ya kuchomoka. Karibu nusu ya fedha za paa ilikuwa imeshaliwa. Hamdam amekaa na wageni waliotoka msikitini, roho juu, mara mzee akatoa furushi la noti kwenye kanzu yake na kuliweka mbele yake.

"Nimemuuza fahali," akasema. "Na mimi nitie humo kwenye euro yetu." Akainua mikono aombe.

Jamani! Siwafichi, Hamdam alizitamani zile noti. Akiziingiza, akaunti ingepumua mpaka Jumatatu, pengine na zaidi. Lakini zikiliwa nazo, atakuwa amekula fahali wa watu, na katika ua ule hatatoka mpaka abebwe kwenye jeneza. Akapiga moyo konde.

"Baba, teremsha mikono."

Shemeji mmoja aliacha kutafuna. Mzee akiinua mikono kwenye dua, nani amwambie ateremshe?

"Imeshuka tangu siku ile uliyoiombea," Hamdam akasema. "Karibu nusu ya paa imekwenda. Niliona haya kuifunga." Akatoa simu, na mbele ya macho yao akaifunga ile biashara. Ilitaka kidole kimoja tu, kidole alichokuwa nacho siku zote hizo. Zilizosalia zingetosha mbao, mabati hakuna.

Zulhumor alikuwa mlangoni na birika. Alisikia yote. Akalitua birika taratibu, hakumtazama mumewe.

Hamdam akangoja kutukanwa. Kwa kweli alitaka atukanwe, afukuzwe, akalale ndani ya kuta zake hata mvua ikimnyeshea. Mikono ya mzee bado iko hewani, uso wake ukaanza kukunjuka.

"Kwa hiyo hamhami?"

"Mwaka huu hatuwezi, baba."

"Na mwakani?"

"Hata mwakani sijui."

Mzee akamwambia mkewe amwongezee mkwe nyama. Fedha za fahali, akasema, zitanunua fahali mwingine, na zitakazobaki zitatoboa dirisha kwenye chumba cha pembeni na kukipaka chokaa, mwanawe asikae gizani. Alifurahi waziwazi, maana Zulhumor ndiye binti yake pekee na usingizi ulikuwa umempaa tangu aliposikia habari ya mabati mekundu. Akainua mikono upya. Akamwomba Mungu awaweke watoto hawa hapa hapa, uani kwake, siku zote.

"Amina," wakaitikia wote. Hamdam naye akaitikia, akapangusa uso.