Kadi ya Picha na Sauti Tano za Dancille

Ninaandika haya kwa heshima zote anazostahili mtu aliyechimba volkano kwa siku tatu bila kosa lolote. Mtu huyo ni mimi, Élisée Kamate, miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni kwa mapadri wa Butembo.

Likizo ya Agosti 2022 nilikaa Katoyi, mtaa wa Goma, kwa noko Henri, kaka wa mama yangu, ambaye studio yake ya kurekodi iko ndani ya chumba chake cha kulala. Noko anaipenda sana kompyuta yake. Mwaka uliotangulia, mlima wa volkano ulipopasuka na mji ukakimbilia Sake, yeye alitembea na kompyuta kichwani, akaacha godoro. Aliporudi godoro lilikuwa limeondoka na watu wengine, akalala sakafuni mwezi mzima, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Mwezi wa Julai aliitia kompyuta hiyo carte graphique mpya, yaani kadi ya picha, kile kipande kinachochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Alitaka kuanza kutengeneza video za kwaya. Kadi ilikuwa nene kama kitabu cha misa, na feni mbili na taa nyekundu. Mgeni akiingia studio alionyeshwa kadi kwanza, kiti baadaye.

Tangu siku hiyo sauti zikaanza kupasuka. Mtu anaimba vizuri, ukirudisha kusikiliza unasikia tik, tik-tik, kama kuna mtu anavunja vijiti nyuma yake.

"Ni umeme," noko alisema. "Nyumba haina waya wa ardhi."

Goma hakuna anayeweza kubishana na maneno hayo. Waya wa ardhi unapaswa kuzikwa udongoni ili umeme mbaya ushukie huko. Chini ya nyumba yetu hakuna udongo. Kuna lava ya 2002. Noko alinipa mtaimbo na nyundo, akanionyesha kona ya ua, akarudi ndani kutazama kadi yake.

Siku ya tatu shimo lilinifika gotini. Tulizika fimbo ya chuma, tukaimwagia maji ya chumvi, tukaifunga waya. Noko alivaa vifaa vya masikio kwa taadhima ya askofu. Tik, tik-tik.

Siku ya nne, saa nane mchana, akaja Dancille.

Alikuwa mwanamke mwembamba wa Bunagana, muuza viazi vya mpakani. Kwa miaka kumi na mmoja aliimba kanisani na wenzake wanne. Waasi walipoingia Bunagana mwezi wa Juni, kila mmoja alikimbia na njia yake. Emerance na Clotilde walikuwa kambini Uganda, Niyonsenga Rutshuru. Dative, wa tano, hakuna aliyejua aliko.

"Papa Henri," Dancille alisema, "kesho asubuhi ndugu yangu anavuka kwenda Uganda. Nataka abebe wimbo wetu. Kule kambini wimbo unapita simu kwa simu, unafika hata pahali mutu hawezi kufika. Dative akiusikia, atajua tunamutafuta."

"Wimbo wa watu watano, mama. Na uko peke yako."

"Nilikuwa nasimama katikati. Nilisikia zote."

Noko alimweleza kwamba ataimba mara tano, kila sauti juu ya nyingine, na kompyuta itaziunganisha. Dancille alivaa vifaa vya masikio, akafunga macho, akaimba sauti ya kwanza. Akaimba ya pili. Alipomaliza ya tatu tukasikiliza, na tik za sauti ya kwanza zilikuwa zimekutana na tik za pili na za tatu. Ilikuwa mvua ya mawe juu ya mabati.

Dancille alivua vifaa polepole. "Hao si sisi," alisema. "Dative atasema ni redio mubovu. Atazima kabla hajatusikia."

Noko alinigeukia. "Élisée. Ni wewe."

Sikushangaa. Shuleni niliwahi kurekodi mkoromo wa prefe, yaani msimamizi wa nidhamu, na kuupitisha kwenye spika za kanisa wakati wa tafakuri ya kimya. Rekodi yenyewe ilikuwa safi kabisa, nasema hivyo bila majivuno.

"Noko, kwa hizo tik mimi ni mutakatifu," nilisema.

"Na kwa jambo gani wewe si mutakatifu?"

Nilikuwa na jambo ninalolijua, lakini nililijua kwa njia ya dhambi. Nilimtazama Dancille aliyeshika vifaa vya masikio magotini kama mtu aliyeambiwa asubiri nje ya hospitali. Nikasogea kwenye kompyuta, nikasogeza dirisha la kurekodia pembeni. Nyuma yake, sura ya noko Henri akitafuna sambusa ilikuwa inazunguka kama sahani.

Noko aliitazama ikizunguka mara mbili. "Hii iko hapa tangu lini?"

"Tangu jana, noko. Niliiweka baada ya shimo."

"Basi ni hii inaharibu."

"Tik zilikuwepo kabla ya sura yako. Lakini sikiliza." Nilibonyeza cheza: sura ilipozunguka, vijiti vilivunjika ovyo. Nikaifuta. Vikapungua, ila havikuisha. Nikaburuta dirisha huku na huku: kila nilipoburuta, tik. "Kila picha ikisogea, sauti inaumia. Si umeme, noko. Ni kadi."

"Kadi ni ya macho. Inaingiaje kwenye masikio?"

Nikamweleza kwa mfano wa bwalo letu la chakula. Mpishi ni mmoja, ndiye akili ya kompyuta. Sauti ni mtoto mdogo kwenye foleni, anataka kijiko kimoja tu, lakini lazima akipate kila mara, bila kungoja. Kadi ni mkubwa wa darasa la sita anayepita mbele ya wote na sahani nne. Mpishi akimhudumia yeye, mdogo anakosa kijiko kimoja. Hicho kijiko kilichokosekana ndicho tik.

Noko aligeuka kutazama taa nyekundu za kadi.

"Papa Henri," Dancille alisema, "mimi sikuja kuangalia."

Noko alizima mashine, akaifungua, akaing'oa kadi kwa mikono miwili kama mtu anayemtoa mtoto usingizini. Waya wa skrini tukauchomeka kwenye tundu la zamani. Picha ikarudi ndogo, imepauka. Zile feni mbili hazikuwepo tena, na chumba kikawa kimya hivi kwamba nilimsikia Dancille akivuta pumzi.

Akaanza upya.

Kwanza akaimba sehemu ya Emerance, juu, kwa sauti nyembamba isiyotetemeka. Kisha Niyonsenga, aliyevuta kila neno kidogo puani. Kisha yeye mwenyewe. Kwa Clotilde aliomba kigoda, akaketi, akashusha kidevu, na kutoka mwili ule mwembamba ikapanda sauti nene ambayo niliihisi kwenye ubao wa meza chini ya viganja vyangu. Sijawahi kumwona Clotilde. Nikipishana naye sokoni akinadi viazi, nitamwita kwa jina. Nilikuwa nimeandaa mzaha kuhusu kigoda, lakini nikasahau kuusema.

Wa mwisho alikuwa Dative. Noko alisikiliza, akakunja uso, akasimamisha.

"Bado kuna kasoro. Kadi imetoka, na sasa sauti inachelewa. Wengine wanaingia, hii inabaki nyuma." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kipanya. "Nitaisogeza mbele kidogo tu. Hakuna atakayejua."

"Acha, papa."

"Mama, imechelewa kweli."

"Dative anachelewa pale. Miaka kumi na moja. Kila Jumapili tulimugombeza, kila Jumapili anachelewa." Dancille aliweka kidole kwenye skrini, juu ya mchoro wa sauti ile. "Ukimunyoosha, atasikia mutu mwingine."

Noko aliondoa mkono. Akabonyeza cheza, safari hii kwenye spika kubwa.

Hapakuwa na tik hata moja. Dancille alisimama katikati ya chumba, na sauti zilipoanza akasogea nusu hatua kushoto, kisha akarudisha mguu, kama mtu anayewapa wenzake nafasi kwenye safu. Mimi na noko tukabana migongo ukutani, maana ghafla chumba kilikuwa kidogo. Wimbo ukafika mahali pale. Wanne wakaingia pamoja. Nafasi ya tano ikabaki wazi kwa pumzi moja, na Dative akaingia.