Sailensa ya Basi la Shule

Tak.

Ni swichi ya saa iliyo ukutani koridoni, ile inayowasha hita ya injini huko nje ili gari lisigome kwa baridi. Kaka yangu Hilding aliifunga mwenyewe zamani, na sauti yake ni ndogo kama mtu anayevunja kijiti. Jumamosi ile ya Januari nilikuwa macho, nikaisikia. Kisha nikasikia nyayo za mjukuu wangu Tyra, anashuka ngazi kwa soksi.

"Bibi, usiamke bado. Nimechemsha kahawa."

"Kama kahawa ipo, naamka."

Alikuwa amenimiminia tayari, na maziwa ameyapasha moto kama ninavyopenda. Msichana wa miaka kumi na tisa anayekumbuka maziwa ya bibi yake saa kumi na moja alfajiri, mimi siwezi kumnyima kitu. Ndiyo maana alipoomba zizi la zamani la ng'ombe nilimpa, ingawa ndani yake niliweka viazi vyangu.

Gari alilotaka kulishughulikia ni Volvo ya kijani ya mwaka 1972. Lilikuwa la Hilding, akampa Tyra siku alipohamia nyumba ya wazee mjini. Hilding alikuwa fundi wa ekzosi kwa miaka arobaini. Sasa masikio yake yamechoka. Daktari alitueleza kwamba sauti nyembamba zote zimemtoka: ndege, simu, maneno yetu sisi wanawake. Zilizobaki ni zile nzito, za chini kabisa. Vifaa vya masikioni alivitupa kwenye droo, anasema vinamkwaruza kichwa.

Kwetu huku kaskazini mtu huamshwa siku yake ya kuzaliwa. Jamaa huingia chumbani kungali giza, na kahawa, keki na mshumaa, wakamwimbia angali kitandani. Mwaka jana tulimwimbia Hilding, mimi na Tyra, kwa pumzi zetu zote. Alitutazama midomo, kisha akageukia ukuta.

"Mnafumbua midomo kama samaki," alisema. "Mwakani msije."

Maneno hayo nilikaa nayo kifuani mwaka mzima. Tyra yeye aliyapeleka mikononi.

"Sauti zetu hazisikii, lakini gari lake atalisikia," aliniambia. "Nitalifanya liimbe chini kabisa, bibi. Anatimiza themanini. Hatuwezi kukosa kwenda."

Siku yenyewe ilikuwa tarehe tisa Februari.

Jirani yetu Kjell-Åke akaja na mashine yake ya kuchomelea. Ni mwanamume wa tumbo kubwa na koti la ngozi, na kila akiingia kwangu huvua viatu mlangoni hata nikimwambia aache. Walifungua milango yote miwili ya zizi moshi usituue, wakainua gari kwa jeki, wakaikata sailensa ya nyuma, ile inayopunguza kelele za injini, na kuitupa. Mahali pake wakachomelea bomba nene lililonyooka, wazi kama tarumbeta.

"Bibi, njoo! Njoo usikie!"

Nilitoka na aproni yangu. Tyra akawasha.

Jamani! Mngurumo ulijaa zizi zima. Niliusikia kwenye magoti. Viazi vyangu viliporomoka kutoka kwenye lundo, vikaviringika hadi miguuni pa Kjell-Åke, naye akapiga kelele, "Hata viazi vinacheza!" Tulicheza na sisi. Mimi na miaka yangu sabini na saba, kwenye viatu vya mpira, nimeshikwa kiuno na fundi mwenye masizi hadi puani.

Kisha Tyra akalitoa gari barabarani. Nilisimama kando ya sanduku la barua nimsikie akipita.

Alipita. Lililia kama nyigu ndani ya kopo la rangi. Kelele zilikuwepo, tena nyingi, mbwa wa ng'ambo ya barabara walibweka wote. Lakini uzito haukuwepo.

Kjell-Åke alivua kofia. "Ni zizi," alisema polepole. "Kuta za mawe. Ndizo zilizonguruma. Tumelipigia makofi zizi, mama Gunborg."

Kila mtu hapa hufanya kazi ndani wakati wa baridi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kulisikiliza nje.

Tyra alirudi, akashuka, akaketi juu ya theluji iliyosukumwa kando ya njia. Hakuhitaji kuambiwa. Kwa kelele zile wakaguzi wa magari wangelikataa, na hata wasingelikataa, nani atapeleka nyigu chini ya madirisha ya wazee kabla ya mapambazuko?

"Nimeliharibu," alisema. "Nimeharibu gari la babu Hilding."

"Inuka kwanza, utaugua kibofu kwa baridi hiyo," nilimwambia. Nilimpangusa theluji nyuma kama alipokuwa mtoto, na Kjell-Åke akageuza uso kwa adabu.

Jumatano nilipanda basi kwenda kwa Hilding. Alikuwa kitini, anaangalia dirisha bila kuangalia kitu. Nilichukua daftari tunaloandikia, nikaandika: *Gari la Tyra linalia kama kopo. Afanyeje?*

Alisoma. Akasoma tena.

"Ametoa sailensa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mjinga," alisema. Halafu akaongeza, "Mjinga kama mimi nilivyokuwa. Nilitoa yangu nikiwa na umri wake. Mama alinifukuza uani."

Nilikumbuka. Nikacheka, naye akaona ninacheka.

"Kelele na uzito ni watu wawili, Gunborg. Hawajuani." Alinyoosha mkono mezani, akatwaa kichupa cha dawa kilichokwisha, akakipuliza mdomoni. "Unasikia? Mimi sisikii kitu." Akatwaa chupa kubwa ya sharubati, akaipuliza. Uuuu. Macho yake yakafumbuka. "Hii naisikia. Umeona? Gari linataka tumbo kubwa. Hewa ipate mahali pa kuzunguka kabla haijatoka."

Alitafuta kitu cha kuchorea. Rosmarie, mhudumu wa ghorofa yao ya pili, alikuwa anapita na trei, na kabla sijafungua mdomo alimwekea mkononi penseli iliyochongwa. Hilding akageuza karatasi ya orodha ya chakula cha mchana, akachora nyuma yake. Bomba lirefu zaidi. Sailensa kubwa, imelala upande kwa upande nyuma ya ekseli.

"Baba yake Kjell-Åke alikuwa na basi la shule. Sailensa yake iko nyuma ya banda lao, kama hawajaiuza chuma chakavu. Mwambie asiichomelee moja kwa moja, aining'inize kwa mpira. La sivyo itatetema hadi meno yamtoke."

Alijaza karatasi mbili. Hakuuliza ni kwa nini, nami sikusema.

Rosmarie nilimwambia mpango wetu, koridoni. Alinisikiliza huku amenishikia koti nivae.

"Nitazungumza na wote wa ghorofa yetu," alisema. "Asta wa chumba cha pembeni atakataa katakata. Halafu yeye ndiye atakuwa wa kwanza dirishani."

Sailensa ya basi ilikuwepo, chini ya theluji na majani makavu, ndefu kama ndama. Kjell-Åke aliibeba begani kama mtoto mchanga. Siku nne walilala chini ya gari, wakipima, wakikata, wakitukanana.

"Shikilia juu, babu wee!" alisema Tyra.

"Babu ni tumbo hili, si mimi. Na wewe acha kutetemesha tochi!"

Walipomaliza, Tyra alishika usukani, na Kjell-Åke akaanza kusukuma gari kwa mgongo. "Nje!" alisema. "Safari hii tunasikiliza nje, hata tugande."

Tukalisukuma sote watatu. Tyra akawasha.

Halikupiga kelele. Lilinguruma chini kwa chini, polepole, kama mtu mkubwa anayejikohoza kanisani. Mbwa wa ng'ambo hawakubweka. Ila kikombe changu cha kahawa, nilichokiweka juu ya ukingo wa kisima, kilikuwa kinaweka miduara midogo juu ya kahawa. Tyra alifunika uso kwa glavu zake chafu, akalia na kucheka kwa pamoja.

Alhamisi mkaguzi aliweka kipimo chake karibu na mdomo wa bomba, akatazama namba, akaandika kwamba limefaulu. Kisha akaomba liwashwe tena. "Nihakikishe tu," alisema, lakini kalamu alikwisha kuitia mfukoni.

Tarehe tisa. Tak, ilisema swichi koridoni. Tulikwenda kungali giza, keki juu ya mapaja yangu, Kjell-Åke nyuma na chupa ya chai imejaa kahawa. Tulipoingia uani taa za ghorofa ya pili zilikuwa zinawaka moja moja. Asta alikuwa dirishani, kitambaa kichwani. Dirisha la Hilding pekee lilikuwa giza.

Rosmarie alitupungia mkono. Tyra akashusha pumzi, akakanyaga mafuta kidogo, akaacha lingurume.

Tulisubiri. Hapakuwa na kitu. Nilimwona Tyra ameuma mdomo.

"Mpe nafasi," Kjell-Åke alinong'ona. "Anatafuta miwani."

Taa ikawaka. Pazia likasogea. Hilding alisimama pale na nywele zimesimama, akaweka kiganja chake chote juu ya kioo, akakiacha hapo. Kisha akatoweka.

Alitokea mlangoni na ndara za ndani, Rosmarie akimkimbiza na koti. Alipita keki bila kuitazama. Aliweka mkono juu ya boneti, akazunguka taratibu hadi nyuma, akainama kwenye bomba. Hapo ndipo tulipomwimbia, sisi watatu, na Rosmarie, na wazee madirishani.

Hilding aliinua kichwa. Macho yalikuwa yamejaa.

"Samaki walewale," alisema. "Leo wamekuja na besi."

Tyra alimkumbatia kwa nguvu hata ndara moja ikamtoka, na Kjell-Åke akapiga goti kwenye theluji kumvisha. Lakini Hilding alikuwa amekwisha kuinua kidole.

"Nyamazeni. Silinda ya tatu. Vali imelegea."

"Haiwezekani!" alisema Tyra, kisha akakumbuka, akatikisa kichwa kwa nguvu ili aone.

"Inawezekana, naisikia." Alimshika mjukuu wangu mkono, akamrudisha mbele ya gari, akauweka juu ya boneti karibu na wake. "Njooni tena Jumamosi. Keki iacheni nyumbani. Njooni na spana."