Waridi Hafifu

Kazi yangu katika maabara ya bustani ya matunda ni kuosha vyombo na kula ushahidi. Aprikoti zinazobaki baada ya kupimwa ni zangu. Hakuna aliyeniruhusu, hakuna aliyenikataza.

Anayezipima ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu. Ndiye aliyeniombea kazi hii nilipobaki na watoto wawili na sufuria moja. Kwanza husoma sukari. Kisha hupima asidi: hudondosha dawa kwenye juisi, tone kwa tone, hadi igeuke waridi, tena waridi hafifu la kuonekana kwa shida. Akizidisha, tunda linaandikwa chachu kuliko lilivyo.

Tunda likiiva, sukari hupanda, asidi hushuka. Wiki hiyo karatasi zake zilisema sukari imepanda, asidi imegoma. Wachumaji wakaambiwa wasubiri. Mdomoni mwangu aprikoti zilikuwa asali tupu, na chupa nilizoosha zilikuwa zimekolea waridi kama rangi ya mdomo.

"Shemeji, hii juisi umeipima au umeipeleka saluni?"

Hakucheka, yeye ambaye hunicheka hata nikipiga chafya.

"Umeona lini?"

"Jumatatu. Wewe je?"

"Mimi sioni, ndiyo shida yenyewe." Akavua miwani. "Mtoto wa jicho. Daktari atanipasua msimu ukiisha. Wakijua hapa, watasema nikapumzike moja kwa moja."

Nikisema, namtoa kazini aliyeniingiza kazini. Nisiposema, bustani nzima inaozea mitini.

Nikavuta kiti. "Dondosha. Macho nakuazima, ila usiyazoee."

Tone.

"Bado."

Tone.

"Bado. Taratibu, shemeji, hukamui ng'ombe."

Tone.

"Hapo."

Nikamsomea namba, akaiandika chini ya ile ya asubuhi. Asidi ilikuwa imepungua karibu theluthi. Akaisogeza karatasi hadi puani, akazitazama namba zote mbili kwa muda mrefu, kisha akasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mkuu. Wachumaji waingie leo."

"Atauliza kwa nini namba ni mbili."

"Najua. Nitamwambia."

Nikavua glavu. "Basi subiri, vifungo vya koti umevifunga kombo. Hatuendi kufukuzwa kama walevi."

"Sisi? Wewe unakwenda wapi?"

"Simama wima," nikamwambia. Nikavifungua vyote, nikaanza upya kutoka chini.