Kandambili za Kristina

Jumamosi saa kumi na mbili jioni Kristina alikuwa akimenya njegere sebuleni kwake Nyandira, beseni likiwa miguuni, kicheko kilipofika. Kiliingia kwa mlango wa mbele kama watu wanaotoka misa ya pili, kikajaza chumba, kikayainua mabati kidogo, kikatokea dirisha la jikoni. Majirani walikuwa wamekizoea. Miaka ya mwanzo, mwanawe Severini alipokuwa akichekesha katika baa moja ya Msamvu, kilikuwa kicheko cha watu ishirini na hakikufika hata kwenye kenchi. Alipohamia Dar es Salaam kiliongezeka. Jirani yake Theresia, ambaye alikuja kumsaidia kumenya, alijifunza kukadiria.

"Leo ni mia nane, Mama Severini," alisema. "Na wa mbele wamekalia masofa."

"Shika beseni, njegere zinamwagika."

Si kila kichekesho kilipanda mlima. Vya wabunge na vya wenye nyumba viliishia hukohuko. Vilivyofika ni vile vilivyomhusu Kristina, na kilichofika kwa nguvu kuliko vyote ni cha kandambili. Severini alisimulia kwamba mama yake, mara ya kwanza kufika hospitali mjini, alivua kandambili mlangoni. "Mkatoliki mzima, kadhani msikiti!" Kisha alivua viatu vyake na kutembea jukwaani kwa ncha za vidole, amebeba mgongoni mtoto asiyeonekana, na ukumbi ulivunjika mbavu. Kichekesho hicho kilimpa tuzo mbili, na sura yake ikawekwa kwenye bango la barabarani pale Mikese.

Mambo yalikuwa hivi. Severini alikuwa na miaka minne na degedege. Kristina alimbeba mgongoni, akashuka mlima kwa miguu tangu alfajiri, kwenye mvua. Sakafu ya hospitali ilikuwa imetoka kupigwa deki, na mtu wa mlangoni alimwambia kwamba mwenye matope haingii. Akavua. Siku ya tatu alitoka na mtoto mzima, na kandambili hazikuwepo. Alipanda mlima pekupeku.

Mwezi Mei Severini alikwenda kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

Alimweleza kwamba Jumamosi atarekodi onyesho la saa nzima, la runinga, peke yake. Kristina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ya kandambili iache," alisema.

"Mama, ule ni utani tu."

"Mtani wangu ni Abdulswamad. Wewe ni mwanangu."

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mtu hautanii ukoo wake. Utani ni kazi ya ukoo mwingine, na anayetaniwa na mwenye kazi hiyo haruhusiwi kukasirika. Severini alilijua hilo tangu utotoni, kama anavyoijua njia ya shambani ambayo hapiti tena.

"Sawa, naiacha," alisema.

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Jumamosi ile Kristina hakumenya njegere. Alikaa mikono mapajani. Saa kumi na mbili ilipita, na nusu yake ikapita, nyumba ikiwa kimya.

"Ameshika neno," alimwambia Theresia.

Ukumbini, vichekesho vitatu vipya vilikuwa vimepita bila mtu kucheka. Mwanamke wa safu ya kwanza alitoa simu akaanza kusoma ujumbe. Severini akavua viatu.

Kicheko kilifika saa moja kasoro dakika kumi na kung'oa bati moja. Kristina aliliokota uani, akaliegemeza ukutani, akaingia ndani.

Alifariki mwezi Julai, kwa moyo. Makaburini Abdulswamad, mzee wa miaka sabini na minne, alifanya inavyompasa mtani: alijifunga kitenge cha marehemu na kilemba chake, akamwigiza mbele ya wafiwa. Alimwigiza akibishania karoti na madalali. Alimwigiza akisinzia wakati wa mahubiri na kuitikia "Amina" mahali pasipotakiwa. Watu walicheka na kufuta machozi, na hata padri alicheka.

Severini alisogea karibu naye.

"Mzee, na ya kandambili?"

Abdulswamad alimtazama.

"Ile ilikuwa yangu," alisema. "Nimeitunza miaka thelathini niiseme leo, hapa, mara moja. Umeimaliza, bwana mdogo."

Akakaza kitenge kiunoni, akarudi kwenye karoti.

Severini alirejea Dar es Salaam siku ya Jumatatu. Mkataba wa runinga ulikitaja kichekesho kile kwa jina, na alikuwa ameutia saini. Onyesho hurudiwa kila Jumamosi jioni.

Kwa hiyo kila Jumamosi, kabla ya saa kumi na mbili, Theresia huchukua ufunguo, huenda kwa Kristina na kufungua mlango wa mbele na dirisha la jikoni, kicheko kipite bila kuvunja kitu. Husubiri uani. Kikiisha huingia, huinama kuzitafuta kandambili za marehemu uvunguni, kwani kicheko huzisukuma hadi huko, huzirudisha mlangoni alipoziacha mwenyewe, kisha hufunga.